Nani Atamwosha Mama

Kuna watu wanaoniambia kwamba mambo yangu yaliletwa na televisheni. Wananiambia wakiwa wamekaa kwenye kiti changu, wanakunywa chai yangu, halafu wanangoja nijitetee. Watangoja sana. Mimi nilitibiwa Kolwezi, miaka ile kampuni ya migodi ilipokuwa inakufa na watu wanafukuzwa kama wezi, na aliyenitibu alikuwa mama mmoja wa Katanga ya kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, ambaye nyumbani kwake hata redio ilikuwa imenyamaza zamani. Hakuna mzungu aliyemtuma wala filamu iliyomfundisha. Aliona wagonjwa, akawatibu.

Dispanseri yake ilikuwa ya shirika dogo lisilotafuta faida. Wauguzi kadhaa na watu wa parokia waliliunda, wakaweka vituo wakifuata reli: Kolwezi, Tenke, Lubudi, na kimoja upande wa Kisenge kilichofunguliwa au kufungwa kutegemea kama treni inapita. Hospitali ya kampuni ilikuwa ya wafanyakazi wa kampuni na wake zao wa ndoa. Hospitali ya serikali ilikuwa ya mtu mwenye subira ya mawe. Dispanseri ilikuwa yetu sisi tuliobaki. Ukuta wake ulipakwa chokaa, vumbi la barabara likaugeuza rangi ya chungwa, na barazani palikuwa na mabenchi mawili, moja la akina tata na jingine la akina mama.

Siku ya kwanza nilifika na mguu uliovimba, nikasimama katikati ya mabenchi hayo. Nilizaliwa wakasema ni mvulana. Nilipopata akili zangu nikajua wamekosea, na nilipopata ujasiri nikaanza kuishi ninavyojua. Nilikuwa nasuka nywele nyuma ya soko. Wanawake walinicheka kisha wakaja kusukwa, maana nilisuka vizuri kuliko wote na kila mtu alijua. Lakini kucheka kwa wateja ni kitu kimoja, na kuchagua benchi mbele ya watu wanaoumwa ni kitu kingine. Kwa hiyo nilisimama, mguu unanipiga mpaka kwenye nyonga.

Mama munganga, ndivyo tulivyomwita, alitoka na taulo begani. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mbali. Akanitazama usoni, akatazama mguu.

“Mama, juu ya nini unasimama na muguu ya vile? Kaa!” Akaonyesha benchi la akina mama.

Wanawake walisogea. Mmoja alifyonza, lakini alisogea. Nilikaa, na nilitaka kulia, si kwa sababu ya mguu.

Ndani aliniuliza ninameza nini. Nilimwambia ukweli: vidonge vya kupanga uzazi, vya wanawake, ili mwili wangu ufanane nami. Nilikuwa tayari kwa mahubiri. Nilikuwa nimeyasikia kanisani, nyumbani na kwenye bomba la maji, na nilikuwa na majibu yangu.

“Nani alikupatia?” akauliza.

“Ule tata anauzisha pa barabara.”

“Ule mwenye kuchanga dawa ya minyoo na ya presha mu beseni moja, ku jua? Na we unaenda kumeza bitu yake?” Alikasirika kweli, mpaka taulo likaanguka. “Unapenda kufa?”

Alilikasirikia beseni, si mimi. Majibu yangu yote yalikosa kazi.

Akanisimamishia vidonge mpaka mguu ulipopona. Daktari wa shirika alikuwa anapita kwa treni kutoka Tenke mara moja moja, na alipokuja, mama munganga alinipeleka kwake mwenyewe, akafunga mlango, wakanipima damu na presha na kuniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa heshima. Baadaye nilianza tena, pole pole, kwa dawa yao na kwa macho yao. Kila mwezi nilikuja kupimwa. Hatukuwa wengi tuliokuja kwa jambo hilo, wala hatukuwa na jina la kujiita. Nakumbuka dereva wa lori kutoka Kisenge, mwanaume mwenye masharubu mazuri, ambaye wazazi wake walimlea kama msichana. Tulisalimiana kwa kichwa tu, kila mtu na benchi lake.

Dispanseri ilikuwa na sheria moja iliyowaudhi waume wote wa Kolwezi: mgonjwa ndiye anayesema. Mgonjwa ndiye anayetaja ugonjwa wake, anayetaja nani aingie naye na nani abaki nje. Mume akija kumsemea mkewe, mama munganga alimwambia, “Tata, we unaumwa? Hapana? Basi ngoja inje.” Nimeona wanaume wazito wa kampuni, wenye kofia za chuma, wametoka barazani wakinung'unika kama watoto walionyimwa sukari.

Nyumbani hakukuwa na sheria kama hiyo. Baba ndiye aliyesema. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akazeeka kwenye karakana ya kampuni akitengeneza pampu. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Alikuwa na watoto watatu, dada zangu wawili na mimi, na mbele ya wageni aliniita mwanangu mwanaume, kwa sauti kubwa, hata kama nimekaa pale na nywele zangu za kusuka na hereni masikioni. Mama alikuwa ananyamaza. Alijua ninakokwenda kila mwezi, na siku hizo aliniwekea maji ya kuoga mapema.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi mkubwa wa chini ukaporomoka. Mishahara ikachelewa, kisha ikawa hadithi. Askari wakapora maduka, na raia wakamaliza yale askari waliyoyaacha. Na njaa ilipoingia, wakubwa wakatutafutia adui wa karibu: sisi watu wa Kasai, eti ndio tuliokula nchi. Vijana wakaanza kupita na filimbi na fimbo wakituita bilulu, wadudu. Watu tuliochota nao maji kwenye bomba moja walitazama chini tulipopita. Mmoja wao alikuja kupima madirisha yetu kwa kamba kabla hatujatoka, aone kama mapazia yake yatatosha. Nilimwuliza kama anataka nimshikie upande wa pili wa kamba. Akakubali, mjinga yule.

Asubuhi ya kuondoka kwenda Kasai baba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na mkasi wa mama mkononi.

“Kule banangojea mwanaume,” akasema. “Siwezi kufika ku bandugu na hivi.”

“Tata, kule hakuna mutu anakujua we, basi mi?”

“Njo sababu.”

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa amepoteza kazi, nyumba na mji. Alitaka kufika kwa watu wa babu yake na kitu kimoja mkononi, na kitu hicho kilikuwa mwana wa kiume. Mlango wa mbele ulikuwa unagongwa, mama analia, na dada zangu walikuwa wameshaondoka na waume zao kwa treni iliyotangulia. Nikakaa chini, akanikata nywele. Nikavaa suruali yake. Lakini nilimwambia wazi, “Unakata nywele tu, tata.”

Baba alifungua bawaba za mlango wetu, tukaubeba. Watu wengi walibeba milango, nilikuja kuona stesheni. Huwezi kubeba nyumba, lakini mlango ni wako. Stesheni ya Kolwezi ilikuwa imejaa vitanda, vyerehani, masufuria, mbuzi, na watu waliolala chini ya maturubai wakingoja treni ambayo kila siku ilikuwa inakuja kesho. Tukapanga mlango wetu juu ya matofali ukawa kitanda cha mama. Na kwa muda huo wote nilikuwa mwanaume. Wazee wa ukoo wetu waliniita kijana, wakanituma kuni. Vidonge vyangu vilikuwa kwenye soksi, na kila nilipovimeza nilisema moyoni, jaribuni tu.

Maji ya pale yalikuwa machafu. Kolera, yaani kipindupindu, ilianza upande wa mabehewa mabovu, ikapita kati yetu. Wengi walikufa wakati ule, na wengi wao walikuwa watoto. Kampuni haikuja. Serikali haikuja, au ilikuja kututazama. Dispanseri ilikuja. Walichukua shule ya msingi iliyokuwa karibu na reli, wakatoa madawati nje, wakafanya darasa moja la wanawake na jingine la wanaume, na kutundika serumu, chupa za maji ya mshipani, kwenye misumari ya ramani.

Watu wa kwao walimtukana mama munganga, wakamwita mama ya bilulu. Siku moja vijana wa fimbo walikuja mpaka getini kumwambia aache kuwapotezea wadudu dawa ya nchi. Alitoka na ndoo ya klorini mkononi.

“Muko bagonjwa?” akawauliza.

Wakasema hapana.

“Basi muko munanizibia mulango. Miguu yenu inaleta buchafu. Mutoke ao mi namwaga hii maji.”

Wakatoka. Mmoja alirudi jioni, akiharisha, akatibiwa.

Mama alianza kuumwa alfajiri, na jua lilipopanda macho yake yalikuwa yameingia ndani. Baba na mimi tulimbeba juu ya mlango wetu mpaka shuleni. Nilishika upande wa kichwa, na njia nzima nilikuwa namwambia asilale.

Sasa, mtu asiyejua hospitali zetu ajue hivi. Mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na ndugu wa kumpikia, kumgeuza, kumwosha na kulala chini ya kitanda chake, na huyo ndiye tunamwita garde-malade. Wauguzi wanatundika serumu, garde-malade anafanya mengine yote. Katika chumba cha wanawake garde-malade ni mwanamke. Na kolera ni ugonjwa wa kuoshwa. Mtu anaoshwa, analala, anaoshwa tena.

Na kwetu sisi Waluba wa Kasai kuna jambo ambalo hata mtoto mdogo analijua: mwana wa kiume haoni uchi wa mama yake. Si suala la aibu. Ni mwiko unaoharibu ukoo. Anayeuvunja anaweza kumwua mama yake mwenyewe, na wadogo zake, na watoto ambao hawajazaliwa. Binti anaweza kumwosha mama, na ni heshima yake. Mwana wa kiume hata akikuta mama anaoga anageuka na kukimbia.

Mlangoni mwa darasa msaidizi aliweka mkono mbele yangu. “Banaume hapana.”

“Atabaki inje,” baba akasema haraka. “Ni mwana wangu mwanaume. Ataleta maji tu.”

“Na nani atamuosha mama?”

Baba akatazama kulia, kushoto. Jamaa za kike tuliokuwa nao walikuwa na wagonjwa wao, au walikuwa wagonjwa wenyewe. Hakukuwa na mtu. Mama alikuwa amelala juu ya mlango, mchafu, na nzi wameshamjia. Hapo nilichoka. Nilichoka na suruali, na kuni, na kuitwa kijana.

“Tata, sema,” nikamwambia, na sikupunguza sauti. “Kama mi ni mwanaume, mama alale na buchafu yake mpaka afe. Kama ataoshwa, ataoshwa na binti yake. Chagula.”

Mama munganga alikuwa amefika nyuma ya msaidizi. Aliniona na kichwa kilichonyolewa na suruali ya karakana, akanijua, na hakusema neno ambalo lingenifichua au kunificha. Alimpita baba kama anavyowapita waume siku zote, akapiga magoti karibu na mlango wetu.

“Mama, ni we njo unasema. Nani njo garde-malade yako?”

Mama alifumbua macho. Alimtazama baba kwanza, kwa muda, kama mtu anayesoma saa. Kisha akanitazama mimi. Miaka yote ile nilikuwa sijui angesema nini akiulizwa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

“Huyu,” akasema. “Mutoto wangu mwanamuke. Yee njo ataniosha.”

Bibi mmoja wa kwetu aliyekuwa anamlinda mkwewe kwenye godoro la pili aliinuka. “We mama! Unajua kitu unasema? Huyu tunamujua, ni kijana ya bwana yako. Unataka kutuulia batoto?”

Mama alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo. “Kama unaogopa, kuya unioshe we.”

Bibi yule akakaa.

Mama munganga alinipa kikwembe kutoka kwenye sanduku la dispanseri, cha kijani, kimefifia kwa kufuliwa. Nilivua suruali nyuma ya ubao, nikajifunga. Nilipotoka hakuna aliyecheka. Tukaweka maji ya moto kwenye mbabula, jiko la makaa, nikapewa kipande cha sabuni, nikamwosha mama yangu. Niliogopa. Mwiko ule ulikuwa ndani yangu pia, nililelewa nao. Lakini mama aliinua mkono wake ili nimpitishe kitambaa chini, vile mwanamke anavyomwinulia mwanamke mwenzake, na woga ukaniisha. Nilifurahi. Mama yangu alikuwa anaweza kufa mikononi mwangu, na mimi nilifurahi, na mpaka leo sioni sababu ya kuona aibu.

Nililala chini ya kitanda chake. Nilipika na akina mama wengine uani, ambako kila garde-malade alikuwa na mawe yake matatu na ulimi wake. Walinichunguza, wakaniuliza maswali ya kijinga, nikawajibu kijinga. Mmoja alitaka nimsuke. Siku chache baadaye mama alianza kukaa, akaomba bukari, ugali wetu, akalalamika kwamba uji wangu una mabonge. Mama munganga alipita akasema mgonjwa anayelalamikia uji amepona.

Lakini habari zilikuwa zimetoka. Bibi wa godoro la pili alikuwa amenyamaza mbele ya mama, si mbele ya stesheni. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema mwiko umevunjwa, na kwamba kama hausafishwi mama atarudi kuumwa na treni itaanguka njiani na sisi sote. Dawa ya mwiko huo ilikuwa kuku mweupe. Mama na mwana wanamshika pamoja mbele ya watu, mwana anataja kosa lake, kuku anachinjwa na wazee wanamla. Mahali ambapo watu walikuwa wanachemsha majani ya viazi bila chumvi, wazee wale walipata kuku mweupe. Sijui walimtoa wapi. Laana waliiogopa kweli, sisemi hapana, ila baadhi yao walikuwa wanamtazama yule kuku kwa mapenzi makubwa.

Walikuja naye shuleni asubuhi, na baba katikati yao, amevaa koti lake la kanisani. Mama munganga aliwasimamisha kwenye ngazi.

“Kuku haingie mu chumba ya kolera.”

“Mama munganga, hii ni mambo yetu,” mzee wa ukoo akasema. Alikuwa mtu mpole, fundi seremala mstaafu, aliyemfundisha baba kupiga randa. “Bibi ya huyu tata iko na laana.”

“Bibi yake alilala muzuri, anakojoa muzuri, anaomba bukari na samaki ya makayabu. Ni laana gani inaomba makayabu?”

Watu walicheka, hata baadhi ya wazee. Lakini hawakuondoka. Tukatoka uani, penye mlingoti wa bendera isiyokuwapo. Mama aliletwa, akakalishwa kwenye dawati, amejifunga blanketi. Mzee akanijia na kuku mkononi.

“Mwana, ni kitu kidogo,” akaniambia kwa upole. “Unashika, unasema mi mwanaume nilikosa, inaisha. Hakuna mutu atakusumbua tena. Tutapanda treni bote na roho ya raha.”

Na kweli kilikuwa kitu kidogo. Ningeweka mkono juu ya manyoya, na shida za kila mtu zingekwisha. Ila kuanzia hapo ningekuwa mwana wa kiume aliyesafishwa, mbele ya ukoo mzima, kule Kasai na siku zote, na kila kitu mama alichosema juu ya ule mlango kingekuwa maneno ya mgonjwa wa homa. Nilirudisha mikono yangu nyuma.

“Sishike,” nikasema.

“Mwana...”

“Sishike kuku yenu. Kama mwanaume alimuosha mama, mumutafute, mumupe kuku. Mi simujue.”

Zogo likaanza. Mmoja alisema niachwe Kolwezi, vijana wa fimbo wanimalize. Mwingine akasema hakuna familia itakayopanda behewa moja na sisi. Nilimwambia atembee kwa miguu basi, Kasai iko upande ule. Mama munganga alisimama karibu nami bila kunigusa, amekunja mikono, na nilijua kwamba hapo hawezi kunisaidia. Sheria yake ilifika kwenye ngazi. Nje ya ngazi ulikuwa ukoo wa baba yangu.

Mzee seremala aliinua mkono, wakanyamaza. Akamgeukia baba.

“We njo baba. Hatutauliza mutoto, hatutauliza munganga. Uko na mwana mwanaume, ao hauna? Kama iko, ashike.”

Nilimtazama baba. Nilikuwa nimemkasirikia kwa muda mrefu, kiasi kwamba sikuwa nimeona jinsi koti lile lilivyokuwa kubwa kwake sasa. Mama hakumsaidia. Alikaa kwenye dawati na blanketi lake, akingoja kama sisi sote. Baba alimchukua kuku kutoka kwa mzee, akamshika kwa mabawa, vizuri, mtu aliyefuga kuku. Nikafikiri, haya, sasa atakuja kuniwekea mikononi kwa nguvu. Nikakaza vidole nyuma ya mgongo.

“Bibi yangu alilala humu na kolera,” baba akasema, polepole. “Mulikuwa wapi?”

Aliwapitia wazee mmoja mmoja kwa macho.

“Mi nilikuwa inje. Mwanaume anabaki inje.” Akamrudishia mzee kuku wake. “Niko na batoto batatu. Bote banamuke.”

Hakunitazama aliposema. Wazee walibaki na kuku wao, hawajui wamfanye nini, kwa sababu pasipo kosa hakuna ruhusa ya kumla. Labda baba alisema vile kwa kuogopa laana. Labda alihesabu kwamba ni afadhali kukosa mwana kuliko kuwa na mwana aliyefanya lile. Sikumwuliza siku ile, na kwenye treni, akinitambulisha kwa watu wa behewa kama binti yake, nilimwacha aseme bila kumwuliza. Neno lile alilisema mchana kweupe, uani, mbele ya watu wa ukoo wake, na sikumshukuru. Mama alikuwa anatetemeka kwa upepo. Nilimwinua kwenye dawati, nikamshika kiuno, tukapanda ngazi kwenda ndani kumwosha.